Msiende kwa huyo mama na fulana wala kamera. Tumeni mtu mmoja akamuulize

Mleta mada, msiende Jumamosi.

Umeandika kwamba jumuiya yenu ina laki tatu za Kwaresima, kuna mama jirani ambaye mume wake amepigwa na kiharusi yuko kitandani, na mpango ni kwenda wote na fulana mpya, unga, mchele, sabuni na bango, halafu picha zirushwe kwenye kundi la WhatsApp la parokia. Umeuliza mnunue nini, watoto muwashirikishe vipi, na kama inafaa kuwaalika majirani Waislamu. Nimesoma nikaona ni sisi kabisa. Hata ugonjwa ni ule ule.

Sisi tuliingia uani kwa mama mmoja wa mtaani kwetu tukiimba tangu barabarani. Mtaa mzima ukatoka kuangalia. Tukampanga katikati, tukamshikisha mfuko wa unga upande mmoja na mwenyekiti wetu upande wa pili, wakapigwa picha. Kuna waliopita hadi chumbani wakampiga picha na mzee, mume wake, akiwa kitandani na singlendi, mdomo umepinda. Mimi nilikuwepo, na mimi ndiye niliyeandika maneno ya chini ya picha: "Jumuiya yamfuta machozi mama asiyejiweza." Ni maneno yale yaliyofanya kazi mbaya kuliko yote.

Huyo mama hakuwa "asiyejiweza". Alikuwa na genge la mboga na matunda, alikuwa mwanachama wa VICOBA, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, alikuwa ananunua hisa zake bila kukosa, na zamu yake ya mkopo ilikuwa imefika. Aliyewahi kukopa kwenye kikundi anajua: pesa haitoki bila wadhamini, na mdhamini anaangalia kitu kimoja tu, kama utarejesha. Picha ikatoka kundi la parokia ikaenda kundi la kwaya, ikatua kwa akina mama wa kikundi. Wadhamini wakajitoa. Mtu anayeletewa unga na kanisa atarejesha nini? Mkopo ukaenda kwa mwingine, genge likakosa mtaji, na baada ya muda likafungwa. Yaani nyumba iliyokuwa inajilisha tuliifanya iwe kweli ile tuliyoiandika.

Halafu kijana wake mkubwa akaiona picha huko anakofanyia kazi. Alimpigia mwenyekiti akamuuliza nani alimpa ruhusa ya kumtembeza baba yake kwenye simu za watu. Mwenyekiti hakuwa na jibu. Mama akaacha kuja jumuiya, akaacha kuja Misa, na nikikutana naye njiani ananisalimia kwa adabu anapita.

Na unga? Unga alikuwa nao! Alichohitaji ni mtu wa kukaa na mgonjwa alfajiri ili yeye awahi sokoni kuchukua mzigo. Aliyewahi kuuguza kiharusi anaelewa. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo anapata vidonda vya kulalia, na vidonda hivyo vinaweza kumuua kabla ya kiharusi chenyewe. Mashuka yanafuliwa kila siku, na maji ya kufulia yanabebwa kwa madumu ya lita 20. Mwanamke mmoja hawezi kumgeuza mwanaume mzima peke yake usiku na mchana na bado auze nyanya.

Aliyekuwa anamsaidia kwa hilo ni jirani yake wa ukuta mmoja, bibi wa Kiislamu. Akishamaliza swala ya alfajiri anaingia, anakaa na mzee mpaka mama arudi kutoka sokoni. Sisi tuliompita pale mlangoni tukiimba hatukumjua hata jina. Kwa hiyo unapouliza kama muwaalike majirani Waislamu, waulizeni kwanza wao wanajua nini. Huenda wameshaanza zamani.

Sasa niseme la moyoni kuhusu aliyetufundisha. Alikuja mtoa semina, akatushika na Mathayo 5:16, nuru yenu iangaze mbele ya watu. Akasema upendo usioonekana hauhamasishi mtu, kila tendo lipigwe picha, picha ndiyo inayoleta wafadhili. Tukapiga makofi. Mbona hakufungua ukurasa wa pili? Kwenye sura ya 6, hotuba ile ile ya mlimani, Bwana anasema utoapo sadaka usipige panda mbele yako, na mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume. Na hata huo mstari wa nuru unaishia "wamtukuze Baba yenu aliye mbinguni", si wafadhili. Mtu unayepewa kipaza sauti mbele ya watu wenye moyo mzuri na Biblia mkononi, halafu unawasomea nusu! Bado ananikasirisha. Alishalipwa posho yake akaenda zake, sisi tukabaki na jirani aliyefunga mlango.

Na asije mtu hapa kusema nachukia kamera. Picha za kipaimara za wanangu zimejaa ukuta wa sebule. Lakini mwanangu alivaa suti akasimama mwenyewe kupigwa. Mzee wa watu hakuulizwa.

Kanuni niliyobaki nayo ni moja: muulizeni kwanza mwenyewe, na aulize mtu mmoja. Someni Marko 10. Bartimayo ni kipofu, anapiga kelele kando ya njia ya Yeriko, kila mtu anaona shida yake ni nini. Na bado Yesu anamuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Kama Bwana hakudhani anajua, sisi wa jumuiya ya mtaa tunajuaje kwamba shida ni mchele?

Aende anayeelewana naye, bila mfuko mkononi. Akae, asalimie mgonjwa kwa jina, aulize asubuhi zao zinakwendaje, nani anakaa na mzee mama akitoka. Mara ya kwanza atasema "tunamshukuru Mungu, hatujambo". Usibebe jibu hilo ukaondoka nalo. Rudi. Chota maji siku hiyo kama ndoo ziko tupu, kisha uulize tena siku nyingine. Akisema nataka mtu wa kunisaidia kumgeuza jioni, basi pangeni zamu ya jioni, wanaume wenye nguvu waingie. Akisema nauli ya bajaji ya kwenda kliniki, laki tatu yenu italipa safari nyingi, ila mpeni mkononi, faraghani. Akisema hataki kitu, heshimuni, endeleeni kumsalimia.

Msamaria alifunga jeraha, akampandisha mtu kwenye mnyama wake, akamlaza, akatoa dinari mbili, akaahidi kurudi kulipa kilichozidi. Mtaa wa Yeriko haukuitwa kushuhudia.

Wewe umeandika unakaa nyumba ya tatu kutoka kwake, basi nenda wewe, kesho jioni, peke yako. Na kama fundi hajaanza kuchapa hizo fulana, mpigie usiku huu asimamishe.