Somo la Kikristo kwenye habari, bila kulazimisha

Ndugu umeuliza utapataje mafundisho ya Kikristo kwenye habari na maisha ya kila siku bila kulazimisha, maana kila ikitokea ajali hakosi mtu wa kusema ni adhabu. Mi nakwambia anzia Injili ya Luka sura ya 13. Pale watu walimletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, yule gavana wa Kirumi, na yeye mwenyewe akaongezea ya mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18 wakafa, sasa angalia, hakusema wale walikuwa na dhambi kuliko wengine, alikataa kabisa, akawageuzia kibao wasikilizaji kwamba wao ndo watubu. Hapo ndo pa kushika. Ukisoma kiongozi kaiba usikimbilie kumhubiri yeye, jiulize wewe chenji ikizidi huwa unarudisha? Masomo ya nyumbani na kazini ni rahisi zaidi kuyapata, Yesu alifundisha kwa chachu, mbegu, shilingi iliyopotea, vitu vya kawaida tu. Ila hakikisha kwanza habari ni ya kweli, wengi wanahubiri umbea (nimewachoka jamani). Na kuna habari zingine hazina somo lolote la kutafuta, kuna wafiwa tu, we lia nao kama Warumi 12:15 inavyosema na kama una chochote changia.