Neno Moja, Picha Nyingi

SWALI: Ndugu mhariri wa safu hii, salaam. Mimi ni mpiga picha wa ridhaa na chombo changu ni simu tu. Nimekusanya picha za vitu visivyohusiana kabisa: msumeno uliotundikwa ukutani, kitana kilichopungukiwa na meno mawili, gia ya baiskeli, na mtoto anayecheka huku jino lake la mbele limeng'oka. Nilizipanga pamoja chini ya neno "Meno" na kuwaonyesha wenzangu katika kikundi chetu cha wapiga picha. Wengine walifurahi, lakini mmoja alisema huo ni mchezo wa maneno na kwamba picha hizo hazina umoja wowote. Je, neno moja linatosha kuziunganisha picha? Na nitajuaje ipi iingie na ipi ibaki nje? Naambatanisha picha zote nne.

JIBU: Ndugu msomaji, linatosha kabisa, na neno ulilochagua ni miongoni mwa maneno bora kwa kazi hii. Msumeno, kitana na gia viliitwa vyenye meno na watu waliovitazama wakaona safu ya ncha zilizopangana kwa nafasi zinazofanana, kama zilivyo kinywani. Kwa hiyo aliyekwambia kwamba huo ni mchezo wa maneno amesahau kwamba jina hilo lenyewe lilizaliwa na jicho, na kazi yako ni kumrudisha mtazamaji kwenye umbo ambalo mazoea ya kulitamka neno yamemfanya aache kuliona.

Hata hivyo, mwenzako ameona kasoro iliyopo, ingawa hakuitaja ilipo. Nimezitazama picha zako kwa makini. Katika picha ya kitana umesogea karibu sana, mwanga wa dirisha unatoka nyuma, na pengo la meno mawili linaonekana kama mlango uliofunguliwa katikati ya ua wa miti. Picha ya msumeno, kinyume chake, imepigwa kutoka mbali: tunaona mpini, msumari, kalenda, waya wa umeme na ukuta mpana, na meno yenyewe ni mstari mwembamba usioshika jicho. Hiyo ni picha ya msumeno. Bado haijawa picha ya meno. Ukiupiga tena, usogelee, uulaze juu ya ubao, na usubiri saa ambayo jua liko chini ili mwanga upite kwa ubavu na kila jino litupe kivuli chake. Hapo safu ya mwanga na giza itafanana na ile ya kitana, na hakuna atakayeuliza kwa nini picha hizo mbili zimekaa pamoja.

Hicho ndicho kipimo ninachokushauri utumie kwa kila picha: je, neno limo ndani ya picha, au limo katika jina la kitu tu? Kipimo hiki ni kikali zaidi pale ambapo maneno mawili yamefanana matamshi kwa bahati. Chukua taa, kile cha kuangazia, na taa, samaki mpana wa baharini. Picha ya kila kimoja ikipigwa kwa namna yake, mtazamaji atatabasamu mara moja na kuendelea na shughuli zake. Lakini samaki huyo akipigwa kutoka chini ya tangi la kioo, mwanga ukipenya kwenye mapezi yake, kisha akawekwa kando ya taa ya mezani yenye kifuniko cha kitambaa, undugu ambao lugha haikuukusudia utakuwa umeundwa na mpiga picha mwenyewe, na binafsi nauthamini kuliko ule tunaoukuta tayari.

Maneno ya kuogopa ni yale mapana, kama "maisha" au "uzuri". Kila picha iliyomo kwenye simu yako inaweza kuingia humo, na neno lisilokataa picha yoyote halijaunganisha chochote.

Kuhusu mpangilio, kumbuka kwamba picha mbili zikikaa jirani huzaa maana ambayo haimo katika yoyote kati yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtengenezaji filamu wa Urusi, Lev Kuleshov, aliunganisha sura ileile ya mwigizaji na vitu mbalimbali, na inaelezwa kwamba watazamaji waliona njaa sura hiyo ilipoambatana na bakuli la supu, na huzuni ilipoambatana na jeneza. Mwaka 1977 Wamarekani wawili, Larry Sultan na Mike Mandel, walichapisha picha 59 walizoziteua kutoka hifadhi za idara za serikali na makampuni, wakaziondolea maelezo yote na kuziweka chini ya neno moja tu, lenye maana ya ushahidi. Hawakupiga hata moja kati ya picha hizo. Uteuzi na upangaji ndio uliokuwa kazi yao, na mtazamaji anaachwa ajiulize ni ushahidi wa jambo gani.

Kwa hiyo usiandike maelezo chini ya kila picha yako. Jina moja la juu linatosha. Kisha mweke mtoto baada ya kitana, wala si mwanzoni kama ulivyofanya, kwa sababu pengo la kitana litamwandaa mtazamaji kwa pengo la kicheko, na uso wa binadamu ukitangulia huvifanya vitu vinavyofuata vionekane vimepoa. Na kabla ya kuwaonyesha watu uso wa mtoto huyo, omba ruhusa ya wazazi wake.

SWALI: Nami nakusanya picha za neno moja, lakini baadhi ni za rangi na nyingine nyeusi na nyeupe, na maumbo yake hayalingani. Je, ni lazima zifanane?

JIBU: Si lazima, ila vitu vinapokuwa vya mbali sana, mfanano wa nje husaidia. Anza na umbo: simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 4:3, yaani wa upande mrefu wa picha kwa upande mfupi, na kamera nyingi zenye lenzi za kubadilishwa hutumia 3:2, uwiano uliorithiwa kutoka picha ya milimita 24 kwa 36 kwenye filamu. Zikate zote ziwe na uwiano mmoja. Kuhusu rangi, zigeuze zote nyeusi na nyeupe ikiwa neno lako linahusu umbo. Lakini ikiwa rangi ndiyo inayolibeba neno, kwa mfano "kutu", ziache nje zile zisizo na rangi, hata kama unazipenda.