Tulimfungia kaka chumbani ili aache pombe

Baba mdogo ndiye aliyetoa wazo, na sote tukaliafiki. Kaka yangu alikuwa anakunywa mfululizo tangu auze zabibu zake za Mpunguzi, hapa Dodoma, na wifi alishabeba watoto akarudi kwao. Tukamfuata asubuhi, tukamleta kwangu Nkuhungu, tukamweka chumba cha nyuma na kufuli juu. Tulisema zikipita siku saba bila tone, pombe itamtoka.

Jioni ile alilowa jasho kama aliyemwagiwa ndoo ya maji. Usiku hakulala. Kulipokucha mikono ilimtetemeka hadi uji ukamwagika kifuani, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mdogo wangu, nipatie kidogo tu nizimue. Nakufa." Nikamjibu kwamba hakuna aliyewahi kufa kwa kukosa pombe.

Jibu langu lilikuwa la uongo, ingawa sikulijua. Mtu aliyezoea kunywa kila siku anaweza kufa akikatiziwa pombe ghafla.

Adhuhuri akaanguka degedege. Mama akasema ni mapepo. Zahanati ya kwanza tuliyomkimbiza walianza kumtibu malaria, hawakuuliza habari za pombe, na sisi kwa aibu hatukuzisema. Hospitali ya pili daktari aliuliza kabla hata hajamgusa: "Mara ya mwisho amekunywa lini?" Tukasema juzi usiku. Akaagiza sindano pale pale.

Baadaye alinieleza kwa mfano ambao sijausahau. Pombe hupooza ubongo. Ukinywa kila siku kwa miaka, ubongo hujifunza kusukuma kwa nguvu zaidi ili uendelee kufanya kazi, kama mtu anayesukuma mlango uliobanwa na mwenzake upande wa pili. Mwenzake akiondoka ghafla, mlango unafunguka kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio, kutapika na kutetemeka, mambo yanayoanza saa 6 hadi 24 tangu tone la mwisho. Degedege nyingi huja ndani ya saa 48. Na kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa kabisa, homa inapanda, wanaona visivyokuwepo. Kaka aliona siafu wakitembea kwenye shuka usiku kucha, huku mimi nimemshika mkono.

Alipewa diazepamu, dozi ikipunguzwa siku hadi siku. Alichomwa pia vitamini B1, yaani thayamini, na muuguzi alihakikisha inaingia kabla ya dripu ya glukosi. Mnywaji mkubwa hali chakula vizuri, na hata anachokula mwili hauchukui B1 ya kutosha. Ikipungua sana, ubongo unaharibika: mtu anapepesuka bila kunywa, macho yanachezacheza, kumbukumbu inapotea na huenda isirudi.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu uliye na mtu wa namna hii nyumbani, usimfungie. Anayetetemeka asubuhi mpaka azimue, au aliyewahi kuanguka degedege alipojaribu kuacha, huyo aachishwe chini ya mikono ya daktari. Mko kijijini na gari ni la kesho? Daktari wetu alisema wazi kwamba ni heri aendelee kunywa kidogo kidogo hadi mfike kuliko kumkatia ghafla. Najua inavyouma kumnunulia pombe mtu unayetaka aiache.

Swali ninaloulizwa sana ni, "Nitajuaje kama ni ulevi tu au ni ugonjwa?" Watu hutaka apimwe damu. Vipimo vya ini vinaonyesha madhara, lakini utegemezi wa pombe daktari anaugundua kwa kuuliza na kusikiliza. Anatafuta mambo matatu: mtu kushindwa kujizuia akishaanza, pombe kutangulia mbele ya kazi, familia na afya, na mwili kuidai, yaani anahitaji nyingi zaidi ili alewe au anaumwa akiikosa. Mawili kati ya hayo, yakiwa yamedumu kama mwaka, yanatosha. Kama anakunywa kila siku mfululizo, hata miezi 3 ya dalili hizo inaweza kutosha.

Kuna pia maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani ya kupima unywaji, yenye alama hadi 40. Kuanzia 8 ni onyo. 20 na kuendelea, daktari anafikiria utegemezi. Ukijibu, hesabu kwa haki. Bia moja ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina takribani gramu 20 za pombe halisi, na hiyo ni vipimo viwili vya gramu 10, si kimoja. Gongo haina lebo, na ujimbi, pombe ya kienyeji ya kilabuni, kila mpishi ana wake, kwa hiyo hapo tazama zaidi mwili na tabia. Kwetu dalili ilikuwa mbele ya macho miaka mingi. Kila asubuhi kaka alizimua, na sisi tuliita mazoea.

Kutoka hospitali ni mwanzo tu. Zipo dawa za kupunguza hamu, kama naltreksoni. Ipo pia disalfiramu, ambayo humfanya aumwe vibaya akinywa. Hiyo hupewa mtu anayejua na aliyekubali. Nilishauziwa unga sokoni nimwekee kwenye mboga kwa siri, namshukuru Mungu niliutupa, maana hakuna aliyeniambia una nini, na mtu asiyejua anaweza kuunywea pombe akapoteza maisha.

Jambo lililomsaidia zaidi ni mazungumzo ya kila wiki na mshauri, wifi akiwa amekaa pembeni. Ukitaja Mirembe hapa Dodoma, watu wanafikiria vichaa. Mimi nakwambia nenda. Ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, ina kituo cha Itega kinachopokea waraibu, na kaka yako akipelekwa huko hajavunjiwa heshima.

Kaka alikaa miezi minane bila kunywa. Yakaja mavuno mengine ya zabibu, fedha mkononi, marafiki wale wale, akarudia kwa wiki mbili. Nililia. Baba mdogo akaulizia kufuli.

Alfajiri moja nikasikia hodi. Kaka alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameificha mfukoni. "Mdogo wangu," akasema, "imeanza tena kutetemeka. Nisindikize kwa daktari kabla jua halijawa kali." Nikajifunga kanga, tukatoka kutafuta bajaji.