Addison hakuwaangusha USC
Kaka umeuliza kama Jordan Addison, mdakaji wa pasi kwenye futiboli ya Kimarekani, aliwaangusha mashabiki wa USC (timu ya Chuo Kikuu cha Southern California) 2022, mi nakataa kabisa. Watu walikuwa wamekariri namba zake za Pitt, chuo chake cha kabla ya USC, 2021, pasi 100 alizodaka, yadi 1,593, tachidauni (mabao) 17 na tuzo ya Biletnikoff ya mdakaji bora wa vyuo juu, wakataka arudie hivyohivyo, wakati USC mrusha pasi Caleb Williams alikuwa anagawa mipira kwa kila mtu, halafu Addison akaumia mguu mechi na chuo cha Utah mwezi wa 10 akakaa nje kidogo. Na bado kamaliza na pasi 59, yadi 875, tachidauni 8! Inaniuma sana wanavyomsema. Drafti ya 2023, pale timu za NFL (ligi ya kulipwa) zinapochagua wachezaji wapya, Minnesota Vikings wakamchukua raundi ya kwanza, namba 23.