Presha yangu si kubwa, mbona nimepewa dawa mbili?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 54, nakaanga samaki na kuuza hapa Makorora, Tanga. Kituo cha afya wamenipima siku mbili tofauti: 148/94, kisha 146/92. Kichwa hakiniumi, kizunguzungu sina. Wamenipa kidonge kimoja chenye dawa mbili, telmisartani na amlodipini. Shoga yangu anasema dawa mbili ni za waliozidiwa, nianze na moja. Nimekiweka kabatini kwanza.
Mama Z.

JIBU: Marahaba, mama. Kitoe kabatini, uanze leo.

Shoga yako hajabuni. Nasi tulifundishwa hivyo: dawa moja, pandisha dozi, ngoja, ongeza nyingine. Wagonjwa wengi walichoka kabla presha haijashuka, na hilo linaniuma. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri presha ikithibitika kufika 140/90, mtu aweze kuanzishiwa dawa mbili za aina tofauti, ikiwezekana ndani ya kidonge kimoja. Si dalili kwamba umezidiwa.

Amlodipini hulegeza mishipa ya damu. Telmisartani huzuia homoni inayoibana. Uchambuzi wa majaribio 42 uliotoka 2009 ulionyesha kuongeza dawa ya aina ya pili hushusha presha takriban mara 5 zaidi ya kuzidisha dozi ya ileile mara mbili. Tena dozi kubwa ya amlodipini peke yake ndiyo inayovimbisha miguu. Ikiwa ndogo na ina mwenzake, uvimbe hupungua. Nawe unasimama mbele ya karai kutwa nzima!

Kutoumwa kichwa kusikupe moyo. Presha huharibu figo na moyo mtu akiwa mzima wa kutembea.

Rudi kupimwa baada ya mwezi. Usifike ukihema kutoka sokoni ukanyoosha mkono papo hapo: kaa dakika 5, egemea kiti, miguu chini, usizungumze. Waulize pia kuhusu kipimo cha figo na cha potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu. Ukisikia kichwa chepesi ukiinuka, waeleze, usiache dawa mwenyewe. Ng'onda nayo ipunguze mezani kwako, chumvi yake ni nyingi.

Na mgongo ukikuuma jioni, tafadhali usikimbilie diklofenaki duka la dawa. Hupandisha presha, na ikikutana na telmisartani huweza kuumiza figo. Omba parasetamoli.