Jibu: Je, wazee wetu waliumizwa na mafuta kuliko sisi?

Mkuu, umeuliza kama miaka ya 1980 wazee wetu Tanzania waliumia na mafuta kuliko sisi. Waliumia, ila kivingine. Wakati ule kazi ilikuwa kuyapata: nchi haina fedha za kigeni, foleni vituoni, na Jumapili kuanzia saa nane mchana magari binafsi marufuku barabarani. Mwenye pesa naye alikwama!

Siku hizi yapo, mfuko ndio unatoboka. Agosti 2022 petroli Dar ilifika shilingi 3,410 kwa lita. Usiseme huna gari. Unalipa kwenye nauli ya daladala, bodaboda, hata nyanya zinazoletwa na lori kutoka Iringa. Kwangu bajeti ya mwezi inaanza na nauli, unga baadaye.