Kila kadi na jina la mwenyewe

Swali la juma hili liliuliza iwapo kadi ya harusi iliyotengenezwa kwa mkono ingali na nafasi, maadamu mwaliko wa simu huwafikia watu mia mbili kwa mara moja. Jibu langu ni kwamba inayo, na nalitoa baada ya kutengeneza kadi 120 za harusi ya mdogo wangu hapa Lamu, mtaa wa Langoni: 50 za wanaume wa kuhudhuria nikahi msikitini, na 70 za wanawake wa kuja kwenye kupamba, sherehe yao ya bibi harusi aliyepambwa.

Nilianza na karatasi 60 za manila za A4, kila moja nikaikata vipande viwili na kila kipande nikakikunja. Pambo sikulinunua. Juu ya mlango wa nyumba ya bibi yetu kuna waridi lililochongwa, nami nililiwekea karatasi nyepesi nikasugua kwa penseli mpaka ua likajitokeza lote, hata ufa wake mmoja. Fundi wa nakshi alilichonga upya, dogo, liwe muhuri wa kupigia kadi, juu ya kipande cha mbao ya mbambakofi kilichobaki katika kazi yake. Alinieleza kwamba kinachoshika wino ni kile kinachobaki juu baada ya patasi kupita, na kwamba mistari yangu myembamba ingevunjika. Basi akainenepesha, na muhuri ukatoka mzuri kuliko mchoro wangu. Kosa lililobaki lilikuwa langu mimi: nilizipanga kadi juu kwa juu kabla wino haujakauka, na kwa unyevu huu wa pwani zikachafuana. Tangu hapo nilizitandaza mkekani usiku kucha.

Maneno ndiyo yaliyonitaabisha zaidi. Bibi aliniambia niandike kwamba kupamba ni “usiku wa Ijumaa”, nami nikaandika hivyo kadi 30, mpaka binamu aliyekulia Nairobi aliponiuliza kwa nini tumeweka kupamba baada ya nikahi ya Ijumaa alasiri. Kwetu siku huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa yenyewe. Yeye alifahamu usiku unaoifuata. Wote wawili walisema kweli, na kadi ilikuwa ya wote wawili. Nikazirudia zote 30: “Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa, baada ya sala ya Isha.” Nawasihi wanaoandika kadi za pwani wasilipuuze jambo hili.

Vilevile tuliamua kutoandika aya ya 21 ya Surat Rum, ambayo wengi huipenda katika kadi za harusi, na mimi pia naipenda. Kadi hatimaye hutupwa, na sikuweza kustahimili wazo la maneno ya Mwenyezi Mungu kukanyagwa kichochoroni pamoja na takataka.

Hata hivyo, thamani ya kazi hii niliiona katika majina. Simu haidai jina. Kadi inadai, na huwezi kuandika jina la mtu bila kumkumbuka. Nilimsomea bibi orodha, naye akanisimamisha kila mara: huyu anaitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, yule ameshafiwa na mumewe kwa hiyo usiandike “Bwana na Bibi”. Tulipofika mwisho alinyamaza kidogo, kisha akataja jirani ambaye hawakuwa wamesemezana tangu mvua za mwaka uliopita, kwa ajili ya maji ya paa. “Mwandike,” akasema, “na herufi zako ziwe nzuri.”

Kadi hazikuondoa desturi ya kualika kwa mdomo. Bibi alishikilia kwamba mwalishi apite nyumba kwa nyumba kama zamani, apige hodi, aseme salamu za wazazi na siku ya harusi, ndipo aiache kadi mkononi mwa mwenyewe. Jamaa wa Mombasa tuliwatumia picha ya kadi kwa simu, kila mmoja picha ya kadi yenye jina lake, na kadi zenyewe tukazihifadhi mpaka walipowasili. Ile ya jirani bibi hakumpa mwalishi. Alijitanda buibui, akaichukua, akavuka kichochoro mwenyewe.